Nikeli ipimwe kwa saa elfu kumi

Kila mwezi majarida ya kemia duniani huchapisha vichocheo vipya vya kutenganisha hidrojeni na oksijeni ya maji kwa umeme. Hutengenezwa kwa nikeli, chuma, kobalti, molibdenamu, fosforasi na salfa, na karibu kila kimoja hutangazwa kuwa kimeikaribia platinamu au kimeipita. Wakati huohuo, mitambo mikubwa inayofanya kazi hiyo viwandani bado ina elektrodi za nikeli ambazo fundi wa miaka ya 1930 angezitambua bila kuelekezwa. Pengo hilo halitokani na ukaidi wa wenye viwanda. Maabara hutaka kujua kichocheo kina kasi gani siku ya kwanza. Kiwanda hutaka kujua kitadai umeme kiasi gani mwaka wa tano. Hoja yangu ni kwamba kazi kubwa iliyobaki katika kuboresha vichocheo vya madini ya kawaida ni kazi ya uimara, na kwamba kazi ya aina hiyo inaweza kufanywa Mtwara. Hewa ya chumvi ya kata ya Chuno, umeme unaoyumba na joto la pwani, ambavyo kwa kawaida huhesabiwa kuwa kikwazo kwa sayansi, hapa ni sehemu ya jaribio lenyewe.

Tuanze na sababu ya madini adimu kuhitajika. Maji hayavunjiki kwa umeme wa chini ya volti 1.23, na kwa vitendo huhitaji zaidi, kwa sababu kila upande wa mtambo una kizuizi chake. Kwenye katodi hidrojeni lazima ijishike juu ya metali kabla ya kuungana na mwenzake na kuondoka kama gesi. Metali ikiishika kwa nguvu mno, haiachii. Ikiishika kwa ulegevu, haijengi kitu. Mfaransa Paul Sabatier, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1912, ndiye aliyeliweka wazo hilo la kiasi cha kati, na platinamu ndiyo inayokaa karibu kabisa na kiasi hicho. Upande wa anodi, oksijeni inapotoka, kazi ni ngumu zaidi kwa sababu elektroni nne lazima zihame kwa kila molekuli. Mtambo ukiwa na tindikali, kama ilivyo mitambo ya kisasa yenye utando wa plastiki, karibu metali zote za kawaida huyeyuka pale kwenye anodi na inayobaki ni iridiamu. Dunia huzalisha iridiamu tani saba au nane tu kwa mwaka, nyingi zikitoka Afrika Kusini kama mabaki ya uchimbaji wa platinamu. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba gigawati moja ya mitambo hiyo inahitaji karibu kilo 400. Hata tukiichukua iridiamu yote ya dunia bila kuwaachia wengine hata gramu, hatuvuki gigawati 20 kwa mwaka. Teknolojia hiyo ina nafasi yake, lakini haiwezi kubeba mzigo wote.

Ukibadilisha tindikali kwa alkali kali, mambo hugeuka. Ndani ya mmumunyo wa potashi wa asilimia 25 hadi 30, kwenye nyuzijoto 80 hivi, nikeli hujifunika ganda jembamba la oksidi na kudumu. Norway ilijenga mitambo ya namna hiyo Rjukan kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 ili kupata hidrojeni ya mbolea kwa umeme wa maporomoko. Kwekwe, Zimbabwe, kampuni ya Sable Chemicals ilitengeneza amonia kwa hidrojeni ya maji tangu miaka ya 1970, ikitumia umeme wa gridi inayolishwa na Kariba, mpaka kitengo hicho kilipofungwa mwaka 2015 kwa sababu ya umeme. Kosa halikuwa la nikeli. Nautaja mfano huo kwa sababu wapo wanaozungumza juu ya hidrojeni ya maji kana kwamba ni jambo ambalo Afrika inaletewa sasa hivi kwa mara ya kwanza, ilhali bara hili lina zaidi ya miongo minne ya uzoefu wake, tena kwa elektrodi zisizo na chembe ya metali adimu.

Hata viumbe hai havikuwahi kuhitaji platinamu. Jani la mkoko pale kwenye mlango wa Ruvuma huvunja maji kwa manganizi na kalsiamu, na bakteria wa kwenye tope jeusi chini yake hutengeneza na kutumia hidrojeni kwa vimeng'enya vyenye chuma na nikeli. Watafiti wengi hulitaja jambo hili kwa furaha, kama ushahidi kwamba metali rahisi zinatosha. Zinatosha, lakini kuna kipande cha habari kinachoachwa. Protini kuu inayobeba kituo cha manganizi ndani ya jani huharibiwa na kazi yake yenyewe, na kwenye jua kali jani huiondoa na kuijenga upya baada ya muda usiozidi saa moja hivi. Jani limechagua metali rahisi kwa sababu lina mafundi wa kulikarabati mchana kutwa. Elektrodi yetu haina fundi. Ikishafungwa ndani ya mtambo, inatakiwa ikae miaka, na hapo ndipo mfano wa jani unapotuacha.

Sasa tuingie kwenye hesabu, kwa sababu bila hesabu hoja ya uimara hubaki kuwa maneno ya busara tu. Kutengeneza kilo moja ya hidrojeni kunahitaji kiasi cha chaji kisichobadilika. Kwa hiyo kila volti moja inayotumika ndani ya seli hugharimu yuniti 26.6 za umeme kwa kilo. Seli inayofanya kazi kwa volti 1.9, ambacho ni kiwango cha kawaida, hula yuniti 50 na ushee. Kichocheo bora kikikata volti 0.1, tunaokoa yuniti 2.7 kwa kila kilo. Tuchukue umeme wa shilingi 150 kwa yuniti: ni akiba ya shilingi 400 kwa kilo. Amonia ya tani moja inahitaji hidrojeni karibu kilo 178, kwa hiyo akiba kwa tani ya amonia ni zaidi ya shilingi 70,000. Si haba. Mtafiti aliyepata hiyo volti 0.1 ana haki ya kuchapisha.

Lakini tuseme kichocheo hicho kinachakaa kidogo kidogo, kiasi kwamba volti ya seli inapanda kwa mikrovolti 10 kila saa. Mikrovolti 10 ni kitu kidogo mno. Baada ya saa 10,000, yaani mwaka mmoja na wiki saba, volti 0.1 nzima imekwisha kuliwa, na kuanzia hapo kichocheo kipya ni kibaya kuliko kile cha zamani ambacho kilianza nyuma lakini hakisogei. Mtambo wa alkali unatarajiwa kukaa saa 60,000 au zaidi. Ripoti nyingi za vichocheo vipya, kwa upande wao, zinaonyesha jaribio la saa 20 au 50, kisha huandikwa kwamba kichocheo ni imara. Katika saa 20 uchakavu wa mikrovolti 10 kwa saa unafikia milivolti 0.2. Mapovu ya gesi yanayojikusanya juu ya elektrodi huleta mtikisiko mkubwa kuliko huo, na nyuzijoto moja tu ikipanda au kushuka, volti hubadilika kwa zaidi ya mara kumi ya hapo. Ina maana kwamba jaribio la siku moja haliwezi kuona kile kitakachoamua kama kiwanda kitapata faida. Anayesema "imara" kwa jaribio hilo hajadanganya, hajapima.

Na kuna mitego mingine ndani ya maabara, ambayo imeshusha thamani ya matokeo mengi. Wa kwanza ni elektrodi ya pili. Mtafiti anapopima katodi ya nikeli yake huku upande wa pili ameweka waya wa platinamu, platinamu huyeyuka kidogo kidogo, huogelea kuvuka mmumunyo na kujipaka juu ya sampuli. Kadiri jaribio linavyoendelea, "kichocheo kisicho na metali adimu" huzidi kuwa kizuri, na sababu ni metali adimu yenyewe. Wa pili ni chuma. Mwaka 1987 Dennis Corrigan alionyesha kwamba chembe ndogo sana za chuma zikiingia kwenye oksidi ya nikeli hupunguza sana volti ya ziada ya kutoa oksijeni. Mwaka 2014 kundi la Shannon Boettcher, Marekani, lilikwenda mbele: likasafisha potashi kuondoa chuma chote, na nikeli iliyokuwa ikisifiwa kwa miaka ikageuka kuwa kichocheo dhaifu. Sifa ilikuwa ya uchafu uliomo kwenye potashi ya dukani. Wa tatu ni mkondo. Vipimo vingi hufanywa kwa miliampea 10 kwa sentimita ya mraba, kiwango kilichotokana na ndoto ya paneli za jua zinazovunja maji moja kwa moja. Mtambo wa kiwandani hupitisha miliampea 200 mpaka 400, na mitambo ya utando hufika ampea moja na kupita. Kuna hata mtego wa chupa: potashi ya moto hula kioo, na vilivyokuwa ndani ya kioo huishia juu ya elektrodi.

Habari ya chuma inastahili kukaa nayo kidogo, kwa sababu ndipo maendeleo ya kweli yalipo. Leo anodi bora za alkali ni haidroksidi za nikeli na chuma zilizopangwa tabaka kwa tabaka, na kwa oksijeni ndani ya alkali zinaishinda iridiamu. Chuma na nikeli: metali mbili zisizo na fahari yoyote. Tatizo ni kwamba chuma hakitulii. Wakati kazi inaendelea, chembe za chuma hutoka kwenye ganda na kuingia kwenye potashi, kisha baadhi hurudi, na mtambo huwa na aina fulani ya mizani kati ya chuma kilichoko juu ya elektrodi na kile kinachoelea. Joto likipanda, mizani huvunjika upande mmoja. Chuma kilichotoka husafiri mpaka katodi na kujipaka huko, na kutegemea kiasi chake kinaweza kuisaidia au kuiziba. Kwa hiyo swali la "kichocheo gani ni bora" huanza kuyeyuka. Linalobaki ni swali la mfumo: potashi ina chuma kiasi gani, bomba zake ni za nini, joto ni kiasi gani, mkondo unapanda na kushuka mara ngapi. Hayo hayajibiwi kwa kubuni mchanganyiko wa metali tano badala ya nne.

Upande wa katodi, nikeli ya sponji iliyobuniwa na Murray Raney miaka ya 1920 bado ni mpinzani mgumu. Unachanganya nikeli na aluminiamu, kisha unaila aluminiamu kwa kostiki soda, na inayobaki ni nikeli yenye vinyweleo visivyohesabika. Ukiongeza molibdenamu kasi huongezeka tena. Hesabu za kompyuta za mwaka 2005 zilionyesha kuwa kingo za salfidi ya molibdenamu hushika hidrojeni kwa kiasi kinachokaribia kile cha platinamu, na mwaka 2007 jaribio likathibitisha kuwa kazi hufanyika kwenye kingo hizo. Ni kazi nzuri ya sayansi. Lakini adui mkubwa wa katodi hizi kiwandani ni kuzimwa. Seli za mtambo huunganishwa kwa mfululizo na kushirikiana mifereji ya potashi. Umeme ukikatika, anodi iliyojaa oksidi na katodi iliyojaa hidrojeni hugeuka betri, na mkondo hurudi nyuma kupitia mifereji ile. Katodi iliyozoea kupunguzwa hujikuta inaoksidishwa. Ikitokea mara moja, si kitu. Ikitokea kila jioni jua linapozama, au kila gridi inapoyumba, molibdenamu huyeyuka, sponji hubomoka, na mwaka haujaisha mtambo umerudi kwenye volti za zamani. Norway ya 1929 ilikuwa na maporomoko yasiyozima usiku wala mchana, ndiyo maana tatizo hili halikusumbua. Hidrojeni ya jua na upepo italiona kila siku.

Watu wa pwani watauliza, kwa haki, juu ya bahari. Maji haya yote ya Hindi, kwa nini yasitumike moja kwa moja? Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi, na zaidi ya nusu yake ni kloridi. Kloridi hushindana na oksijeni kwenye anodi na hutafuna nikeli. Ndani ya alkali kuna mwanya wa volti 0.48 hivi ambamo oksijeni hutoka kabla ya kloridi kugeuka kuwa dawa ya kufulia, na anodi nzuri ya nikeli na chuma hukaa ndani ya mwanya huo. Mwaka 2019 kundi la Hongjie Dai wa Stanford lilichapisha anodi iliyodumu zaidi ya saa 1,000 kwenye maji ya chumvi yenye alkali. Siri yake ilikuwa tabaka la salfidi ya nikeli chini ya haidroksidi: salfidi ilioksidishwa ikawa salfeti, salfeti ikajipanga juu ya elektrodi, na kwa kuwa ina chaji hasi ilizisukuma kloridi, zenye chaji hasi pia. Mwaka 2022 kundi la Heping Xie, China, lilitumia njia nyingine, utando unaopitisha mvuke tu na kuzuia chumvi, na kuendesha mtambo kwa zaidi ya saa 3,200.

Mtu wa Mtwara atatabasamu akisikia habari ya salfa kuwa kinga. Salfa hapa ni unga wa njano unaoshuka bandarini kwa maelfu ya tani kila msimu kwa ajili ya mikorosho. Hata hivyo nina mashaka na shauku ya kutumia maji ya bahari bila kuyasafisha, na mashaka yangu ni ya kihesabu. Kusafisha mita moja ya ujazo ya maji ya bahari kwa utando hugharimu yuniti tatu au nne za umeme. Kilo ya hidrojeni inahitaji lita 10 hivi za maji. Gharama ya kusafisha ni yuniti 0.04, ukilinganisha na 50 za kuyavunja. Anayetesa anodi yake kwa kloridi ili kuokoa yuniti 0.04 anajitafutia shida. Thamani ya utafiti wa akina Dai naiona kwingine: mtambo ulioko mita mia chache kutoka ufukweni utapata kloridi hata kama haukualikwa, kwa kupasuka kwa utando, kwa maji ya kupoozea, kwa hewa yenyewe. Elektrodi inayoweza kuvumilia ajali hiyo kwa wiki mbili mpaka fundi afike ina faida kuliko ile inayokunywa bahari kwa makusudi.

Kipingamizi kizito zaidi, na sitakipunguza, ni gesi. Mtwara imekaa juu ya gesi iliyogunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982. Mitambo ya Madimba huisafisha na bomba la kilomita zaidi ya 500 huipeleka Dar es Salaam tangu 2015. Hidrojeni ya gesi, kwa kuichanganya na mvuke kwenye joto kali, ni rahisi kwa bei karibu kila mahali duniani. Kwa shilingi 150 kwa yuniti, umeme peke yake unaifanya kilo ya hidrojeni ya maji ifike shilingi 7,500, kabla ya kulipia mtambo. Leo hii, mwenye gesi anayetaka mbolea atatumia gesi, na hesabu itamuunga mkono. Nakubali. Ila kuna mambo mawili. La kwanza ni kwamba kilo moja ya hidrojeni ya gesi huacha kilo tisa au kumi za kaboni dayoksaidi, na masoko ya Ulaya yameanza kuzitoza bidhaa kama mbolea na saruji kwa hesabu hiyo. La pili ni la kemia na naliona linasahaulika: kichocheo kinachogeuza gesi na mvuke kuwa hidrojeni nacho ni nikeli, iliyopakwa juu ya alumina. Nayo huchakaa, hupakwa masizi ya kaboni, na huuawa na salfa, ileile ambayo kwenye anodi ya maji ya chumvi ilikuwa mlinzi. Fundi anayejua kwa nini nikeli inachoka kwenye tanuri la gesi ana nusu ya elimu ya kujua kwa nini inachoka kwenye potashi. Kwa hiyo gesi na maji havishindani katika suala la ujuzi, hata kama vinashindana katika suala la bei.

Nikeli yenyewe haiko mbali. Ntaka Hill, wilayani Nachingwea, kuna mashapo ya salfidi ya nikeli. Leseni ya uhifadhi ya mradi huo ilifutwa baada ya mabadiliko ya sheria ya madini ya 2017 na kanuni za 2018. Wawekezaji wakaenda kwenye usuluhishi wa kimataifa, wakashinda Julai 2023 tuzo ya zaidi ya dola milioni 109, na mwaka 2024 pande zote zikamalizana kwa dola milioni 90. Kaskazini magharibi, Kabanga wilayani Ngara ni mashapo makubwa zaidi, yenye mkataba wa Januari 2021 unaoipa serikali asilimia 16 ya hisa. Wapo wanaotarajia kwamba uchumi wa hidrojeni utaipandisha bei nikeli hiyo. Sidhani. Mtambo wa alkali unahitaji nikeli ya tani moja hivi kwa megawati, na dunia huzalisha zaidi ya tani milioni tatu kwa mwaka. Gigawati kumi za mitambo ni chini ya nusu ya asilimia moja. Bei ya nikeli huamuliwa na chuma kisichoshika kutu, betri, na migodi ya Indonesia, iliyoishusha vibaya mwaka 2023 na 2024. Katika hidrojeni, nikeli ghafi ni sehemu ndogo ya thamani. Sehemu kubwa iko katika kujua namna ya kuitibu ili idumu, na ujuzi huo hausafirishwi kwa meli ya madini. Ghasia za Mtwara za Januari na Mei 2013 juu ya bomba la gesi zilikuwa, kwa sehemu yake kubwa, ugomvi juu ya swali hilohilo: kipi kinabaki mahali pale rasilimali inapotoka.

Ataniambia mtu kwamba utafiti wa vichocheo unataka mashine za mabilioni, na kwamba China na Ujerumani zitaifanya kazi hiyo kabla Mtwara haijanunua swichi. Kwa utafiti wa kubuni vichocheo, ni kweli. Darubini za elektroni na miali ya eksirei ya nguvu hazitajengwa hapa karibuni. Lakini kupima uimara ni kazi ya aina nyingine, na mkoa huu umewahi kuifanya kwa kiwango cha dunia, katika kilimo. Uzalishaji wa korosho Tanzania uliporomoka kutoka tani 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 mwaka 1986/87, kwa bei mbaya, kwa kuhamishwa kwa watu vijijini, na kwa ugonjwa wa ubwiriunga. Kituo cha utafiti cha Naliendele, hapa Mtwara, hakikugundua salfa kama dawa ya ugonjwa huo. Kilichofanya ni kuipima: kiasi gani kwa mti, kwa wakati gani wa kuchanua, kwa aina zipi za mikorosho, msimu baada ya msimu, na kuchagua miche bora kwa kuiangalia miaka mingi. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000. Ukivitazama kwa makini, mkorosho na elektrodi vinadai nidhamu moja: kurudia kipimo kilekile bila kuchoka, kuweka kumbukumbu, na kutoamini matokeo ya msimu mmoja.

Benchi la kazi hiyo ni la kawaida kiasi cha kushangaza. Chanzo cha umeme kinachoweza kupitisha ampea chache bila kuyumba, seli za plastiki isiyoliwa na potashi badala ya kioo, kidhibiti joto cha nyuzi 80, anodi na katodi zote za nikeli ili platinamu isiingie kabisa chumbani, na kifaa cha kurekodi volti kila dakika. Kilicho ghali ni kupima chuma na kloridi kwenye potashi kwa usahihi wa sehemu kwa bilioni, na hilo laweza kutumwa Dar es Salaam kwa sampuli za kila wiki. Seli ishirini zikiwashwa kwa pamoja, kumi zikiendeshwa bila kukoma na kumi zikizimwa kwa ratiba inayoiga machweo ya jua na kukatika kwa gridi halisi, baada ya mwaka mmoja zingetoa data ambayo wenye viwanda wa popote wangeilipia. Karibu na Naivasha, Kenya, kampuni ya Kenya Nut ilishafungiwa mwishoni mwa 2023 mtambo mdogo wa kutengeneza takriban tani moja ya amonia kwa siku kwa umeme wa jua. Mitambo ya ukubwa huo ndiyo itakayoenea kwenye mashamba ya ukanda huu kabla ya ile ya gigawati, na ndiyo itakayozimwa na kuwashwa kila siku.

Wataalamu wa maabara wana jibu lao: majaribio ya haraka. Badala ya kungoja mwaka, unapandisha joto na mkondo, unachosha elektrodi kwa wiki mbili, kisha unakisia yaliyobaki. Kwa vitu vinavyochakaa kwa njia moja tu, hesabu hiyo hufaa. Nikeli na chuma havichakai kwa njia moja. Kwenye nyuzijoto 60 chuma huweza kurudi kwenye ganda karibu sawa na kinavyotoka. Ukipandisha hadi 95 unapima mchakato mwingine kabisa, ambao kiwanda hakitauona. Mikondo ya kurudi nyuma nayo haiongezwi kasi: kuzima mara mia kwa siku hakulingani na kuzima mara moja kwa siku kwa siku mia, kwa sababu kati ya kuzima na kuwasha kuna saa kumi na mbili ambamo katodi inakaa kwenye potashi inayopoa, na humo ndimo oksidi hukua. Majaribio ya haraka yaendelee, ila yapate yale ya polepole ya kulinganishia. Hayo ya polepole ni machache, kwa kuwa mwanafunzi wa uzamivu ana miaka mitatu na jarida halichapishi "bado tunapima".

Kama wahariri wangedai jambo moja tu, ningependa liwe hili: kila kichocheo kipya cha maji kitajwe kwa mikrovolti kwa saa, kwa mkondo usiopungua miliampea 200, baada ya angalau saa 1,000, pamoja na kiasi cha chuma kilichokuwemo kwenye potashi mwanzoni na mwishoni. Saa 1,000 ni siku 42. Kwa uchakavu wa mikrovolti 10 kwa saa hiyo ni milivolti 10, nazo voltimita ya bei ya kawaida huziona, mradi joto limedhibitiwa. Kwa benchi la pwani ningeongeza safu moja kwenye jedwali, ambayo maabara za bara zimeiacha tupu: kloridi ikiingia ghafla, sehemu 50 kwa milioni, siku ya ishirini, volti ilipanda kiasi gani na ilirudi baada ya saa ngapi.